Mwalimu wa Chumba cha Mazoezi: Kumkumbuka John Ruganda

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Parklands, Nairobi

 

Niliombwa nizungumze juu ya maisha ya mwalimu mmoja wa uigizaji ambaye jiji hili halina budi kumkumbuka. Nimemchagua John Ruganda. Alizaliwa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, tarehe 30 Mei 1941, na akafariki Kampala tarehe 8 Desemba 2007. Kati ya tarehe hizo mbili alipita Makerere, Nairobi, Kanada na Afrika Kusini, akiandika, akiigiza, akiongoza michezo na kufundisha. Miaka yake ya Nairobi, iliyoanza 1973 na kukaribia mwongo mzima, ndiyo iliyotuachia sisi alama kubwa zaidi.

Wengi wenu mnalijua jina lake kutoka kwenye jalada la kitabu. Kwa vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya na Uganda, *The Burdens* kilikuwa kitabu cha mtihani: taja sifa za Wamala, jadili maudhui, eleza matumizi ya jazanda. Mtihani ukaisha, kitabu kikauzwa kwa wa kidato kilichofuata. Leo ningependa tumtazame Ruganda mwingine, yule wa chumba cha mazoezi. Hoja yangu ni hii: Ruganda alifundisha uigizaji kuwa njia ya kumjua binadamu, hasa binadamu unayemwogopa au kumdharau. Alilifundisha hilo kwa wanafunzi aliokuwa nao, na akalipandikiza ndani ya tamthilia zake, kiasi kwamba kila kundi linalozishika leo hujikuta darasani kwake.

Barabara ya kutoka Makerere

Tuanze na safari. Mwaka 1965, chuoni Makerere, lilianzishwa kundi la maonyesho ya kusafiri bila kiingilio, Makerere Free Travelling Theatre. Wanafunzi walisafiri wakati wa likizo wakiigiza shuleni, sokoni, katika kumbi za miji midogo na hata kwenye nyasi tupu. Waliigiza kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa lugha za watu waliowatembelea. Mtazamaji hakudaiwa senti. Ruganda alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliolelewa na kundi hilo.

Mwigizaji anayeanzia ukumbini hufundishwa kutegemea taa, pazia na ukimya wa watu waliolipa. Anayeanzia sokoni hana hata kimoja. Mbele yake kuna mama mwenye kapu la ndizi ambaye yuko huru kuondoka wakati wowote, kuna mtoto anayelia, kuna mvua inayojikusanya. Ukidanganya kwa sauti au kwa mwili, mama huyo anajitwika kapu lake na kwenda zake. Nadhani hapo ndipo Ruganda alipojifunza kuandika jinsi alivyoandika: watu wachache jukwaani, mahali pamoja, vifaa vya kubebeka mkononi, na maneno yenye uzito wa kumzuia mtu asiondoke.

Kisha siasa ikabisha hodi. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Milton Obote. *The Burdens* ilichapishwa mwaka 1972, na mwaka uliofuata Ruganda alikuwa Nairobi. Hakuwa peke yake barabarani. Mshairi Okot p'Bitek alikuwa ametangulia kuja huku, na wasomi na wasanii wengi wa Uganda wakafuata. Nairobi ya miaka ile ilipata walimu wasio na bei kutokana na msiba wa jirani.

Jengo na uwanja

Kutoka hapa Parklands, mtu akishuka na Limuru Road hadi Museum Hill kisha akaelekea mjini, muda si mrefu atafika Harry Thuku Road. Upande mmoja kuna hoteli ya Norfolk. Mkabala nayo ni Kenya National Theatre, jirani yake ni jumba la utangazaji la taifa, na hatua chache kutoka hapo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Sehemu kubwa ya historia ya jukwaa la Kenya imetokea katika kipande hicho kidogo cha barabara.

Kenya National Theatre ilifunguliwa Novemba 1952, na aliyealikwa kuifungua alikuwa mwigizaji wa Uingereza, Ralph Richardson. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu hali ya hatari itangazwe tarehe 20 Oktoba. Kwa hiyo jengo hilo lilizaliwa huku wenyeji wa nchi wakikamatwa na kupelekwa vizuizini, na kwa miaka mingi lilitumikia hadhira ya walowezi na michezo ya London. Hata baada ya uhuru, Mwafrika aliyetaka kuigiza humo mara nyingi alipangiwa siku zilizobaki baada ya wengine.

Chuoni nako kulikuwa na vuguvugu. Mwaka 1968 wasomi watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walikuwa wamedai Idara ya Kiingereza iondolewe, na masomo ya fasihi yaanzie Afrika. Ruganda alifika wakati mbegu hiyo imeanza kuota. Kilichohitajika ni mtu wa kuyatoa mabadiliko hayo kwenye orodha ya vitabu na kuyatia katika miili ya wanafunzi.

Katikati ya miaka ya 1970 likaundwa kundi la Nairobi University Free Travelling Theatre, na Ruganda akawa nguzo yake. Alilitoa wazo Makerere akalipanda hapa. Wanafunzi walifanya mazoezi chuoni, kisha wakasafiri kwenda shule na miji ya Kenya, bila tiketi, kama alivyokuwa amesafiri yeye. Wakati jengo kuu la taifa lilikuwa bado linabishaniwa ni la nani, wanafunzi hawa walikuwa wameshafika kwa wananchi ambao hawakuwahi kupita Harry Thuku Road. Mimi naiona hiyo kuwa hatua ya ujasiri kuliko hotuba nyingi zilizotolewa wakati ule kuhusu utamaduni wa taifa.

Njiti yenye vichwa viwili

Sasa naomba tuingie chumbani, kwa sababu mwalimu wa uigizaji hujulikana kwenye undani wa kazi yake.

*The Burdens* ni kisa cha Wamala, aliyekuwa waziri, akaanguka, akafungwa, na sasa anaishi na mkewe Tinka na watoto wao katika chumba duni. Tinka ndiye anayeilisha nyumba. Wamala ana ndoto tu za kurudi juu. Moja ya ndoto hizo ni biashara: njiti ya kiberiti yenye vichwa viwili, ili njiti moja iwake mara mbili. Anataka kulipeleka wazo hilo kwa tajiri mmoja, Vincent Kanagonago. Kabla hajaenda, anafanya mazoezi nyumbani. Tinka anajivika nafasi ya Kanagonago, na mumewe anabaki kuwa mwombaji.

Nimewahi kuongoza tukio hilo na vijana, katika ukumbi wa kukodi papa hapa Parklands. Hatukuwa na seti. Tulikuwa na kiti cha plastiki na kiberiti cha dukani. Kijana aliyecheza Wamala aliingia kwa mbwembwe, kifua mbele, kiberiti kimeinuliwa juu kama nishani. Msichana aliyecheza Tinka alijaribu kwanza kumwigiza tajiri kwa kufoka na kutunisha tumbo. Tukacheka, lakini hapakuwa na kitu. Nikamwomba arudie bila sauti ya kuazima, amtazame tu huyu mwanamume kwa jicho la mtu asiyemhitaji. Akakaa. Akaunyoosha mguu mmoja, akakunja mwingine juu yake. Akanyamaza. Kimya kikazidi, na yule kijana akaanza kukizungusha kiberiti vidoleni, akakifungua, akakifunga, njiti zikamwagika sakafuni. Akainama kuziokota. Hapo ndipo Tinka aliposema maneno yake ya kwanza, kwa sauti ya chini, naye Wamala akayasikia akiwa bado amepiga magoti.

Ukumbini hakuna aliyecheka tena. Sote tuliona kilichotokea. Akiwa Tinka, mwanamke huyu hana ruhusa ya kumwambia mumewe kwamba amekwisha. Akiwa Kanagonago, anaruhusiwa kusema yote. Mchezo ndani ya mchezo unampa mke madaraka ambayo ndoa na umaskini vimemnyima, na akishayaonja hawezi kuyarudisha. Tamthilia inaisha Tinka akimuua Wamala. Msomaji wa haraka hudhani kifo hicho kimetoka hewani. Aliyeyatazama vizuri yale mazoezi ya njiti ya kiberiti amekwisha kuuona mkono ukiinuka.

Tazameni alichokifanya mwalimu huyu. Aliandika somo la uigizaji kisha akalificha ndani ya hadithi. Kundi lolote linalotaka kulicheza tukio hilo halina njia ya mkato. Lazima liulize: tajiri hukaaje? Mwombaji hushikaje kitu chake cha pekee? Mtu akivaa sauti ya anayemchukia, nini humtoka ambacho hakuwahi kukijua? Na Ruganda hakulifanya mara moja tu. Katika *The Floods*, iliyochapishwa 1980, na tena katika *Shreds of Tenderness*, iliyochapishwa 2001, wahusika wake wanafungiana mahali pamoja na kuanza kuigizana, kuhojiana na kushtakiana, mpaka ukweli uliofichwa unajitokeza wenyewe.

Kwa nini wenye nguvu huyaogopa mazoezi

*The Floods* imegawanywa katika mawimbi matatu badala ya matendo. Tuko kisiwani katika Ziwa Viktoria. Tangazo limetolewa kwamba mafuriko yanakuja na wakazi wapande mashua ya kuokolewa. Mafuriko ni uongo, na mashua ni mtego wa kuwaua. Wahusika wakuu ni watatu: Bwogo, mkuu wa idara ya usalama, Nankya, mwanamke msomi aliye mpenzi wake, na Kyeyune, mzee mvuvi anayesimulia jinsi wavu wake ulivyonasa maiti badala ya samaki. Kwa watu hao watatu Ruganda aliieleza Uganda ya Amin kwa namna ambayo ripoti nyingi hazikuweza.

Aliiandika akiwa huku, salama kwa kiasi, na alijua waliobaki walilipa nini. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na kiongozi wa National Theatre ya Kampala, aliupeleka mchezo wake *Oluyimba lwa Wankoko*, yaani Wimbo wa Jogoo, kwenye tamasha la sanaa la FESTAC mjini Lagos. Muda mfupi baada ya kurejea, alikamatwa na kuuawa. Wasanii wa Afrika Mashariki walikumbushwa kwamba wimbo wa jogoo jukwaani unaweza kumgharimu mtu shingo.

Wala Kenya haikuwa pepo. Mwishoni mwa 1977 *Ngaahika Ndeenda*, mchezo wa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ huko Limuru, ulipigwa marufuku, na Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake, akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 wanakijiji walirudi na *Maitũ Njugĩra*. Mlango wa Kenya National Theatre ukafungwa mbele yao. Wakahamia Education Theatre II, ukumbi wa chuo kile kile alichofundisha Ruganda, wakaendelea na mazoezi. Watu wakafurika, usiku baada ya usiku, kutazama mazoezi tu, kwa kuwa onyesho lenyewe halikuruhusiwa. Baadaye hata mazoezi yakazuiwa, na mwezi Machi mwaka huo ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa.

Kwa nini dola iogope mazoezi? Onyesho lililokamilika unaweza kulipa kibali au kulinyima. Mazoezi ni watu wanaojifunza, na hakuna anayejua watafika wapi. Mkulima anayejaribu kukaa kama bwana mwenye shamba anagundua kwamba ukuu ule ni mkao tu, na mkao huigika. Askari akichezwa na kijana wa mtaani, woga wa kijana huyo unapungua, na pengine chuki yake pia, kwa kuwa amelazimika kutafuta askari yule anaota nini usiku. Ruganda aliijua nguvu hiyo. Ndiyo maana Bwogo wake, pamoja na ukatili wote, hakuandikwa kama zimwi. Ana kiburi, ana mapenzi, ana hofu. Mwigizaji anayepewa nafasi hiyo hana pa kukimbilia, lazima amtafute ndani ya nafsi yake mwenyewe.

Marafiki wa jukwaa moja

Siwezi kumtaja Ruganda jijini humu bila kumtaja Francis Imbuga, mwigizaji, mwandishi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, mwana wa Maragoli, aliyetuacha Novemba 2012. Tamthilia yake *Betrayal in the City*, iliyopelekwa FESTAC na Kenya, nayo inamalizikia kwenye mazoezi: wafungwa wanaandaa mchezo wa kumpendeza mgeni wa taifa, Bosi, mtawala mwenyewe, anaingia kushika nafasi, na silaha za mchezo zinageuka kuwa za kweli.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba watu hawa wawili walisomana kwa kina kuliko mhakiki yeyote alivyowasoma. Ruganda alipokwenda Kanada katika miaka ya 1980 kusomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha New Brunswick, aliandika juu ya tamthilia za Imbuga, na kazi hiyo ikatoka kuwa kitabu mwaka 1992, *Telling the Truth Laughingly*. Imbuga naye alipokwenda Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliandika tasnifu yake juu ya tamthilia za Ruganda. Hebu fikirini. Wasanii wawili waliogombea hadhira moja, na kila mmoja akatumia miaka ya ujana wake wa kisomi kueleza ulimwengu kwa nini mwenzake ni mkubwa. Katika taaluma yetu, ambapo wivu hupewa kiti cha mbele, huo ni mfano wa kuwasimulia wanafunzi kila muhula unapoanza.

Na ni mfano wa Afrika Mashariki pia. Mganda aliyefukuzwa na hofu kwao alipokewa Nairobi, akafundisha watoto wa Kenya, akaandika *Echoes of Silence* ya mwaka 1986 juu ya maisha ya Kenya na nyufa zake za kikabila. Mkenya naye akavuka bahari kumtetea Mganda. Hakuna aliyesubiri mkataba wa jumuiya.

Deni letu

Ndugu zangu, tunamlipaje mwalimu kama huyu?

Tamasha la drama la shule zetu bado lina moto. Kenya National Theatre ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015. Makundi yanazunguka shuleni yakiigiza vitabu vya mtihani. Wanafunzi wameiona *Kigogo* ya Pauline Kea na *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege kwa macho yao, na hilo ni jambo la heri. Lakini maonyesho mengi ya namna hiyo huandaliwa kwa haraka, ili mwanafunzi akariri nani alisema nini kwa nani. Mwanafunzi anatazama, halafu anarudi kwenye dawati. Haambiwi asimame. Hapewi kiti cha plastiki na kiberiti. Yaani tunampa matokeo ya mazoezi na kumnyima mazoezi yenyewe, na mazoezi ndiyo yaliyokuwa elimu.

Ombi langu la kwanza ni kwa makundi yanayozunguka. Mkimaliza kuigiza, bakini saa moja. Waiteni wanafunzi wanne mbele, wagawieni tukio moja, wabadilishane nafasi: aliyekuwa kigogo awe mnyonge, mnyonge awe kigogo. Haitaongeza gharama ya mafuta ya gari.

Ombi la pili ni kwa wenye kumbi, za kanisa, za jamaa, za shule na za chuo, nazo katika mitaa yetu ya Parklands, Highridge, Ngara na Westlands ni nyingi. Mwigizaji kijana wa Nairobi anateseka kutafuta pa kufanyia mazoezi kuliko pa kuonyeshea. Ukumbi unaokaa mtupu Jumanne asubuhi unaweza kumlea Ruganda mwingine. Pangisheni kwa bei ya kijana, na siku moja kwa wiki acheni mlango wazi ili mpita njia aingie atazame.

Ombi la tatu ni kwetu sote tunaoipenda lugha hii. Tuzicheze tamthilia za Ruganda kwa Kiswahili. Wamala na Tinka ni watu wa Kangemi na Mathare kama walivyo wa Kampala. Wakisema Kiswahili cha mtaani, yule mama mwenye kapu la ndizi atabaki hadi mwisho. Na mlio na picha, mabango au ratiba za maonyesho ya lile kundi la kusafiri la chuo, zimelala sandukuni, zitoeni zihifadhiwe maktabani kabla mchwa hawajazisoma zote.

La mwisho ni kwenu walimu wenzangu wa uigizaji. Kazi yetu haina mshahara wa maana, na jina letu halipandi kwenye bango. Anayepigiwa makofi ni mwanafunzi, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Kesho mkiingia darasani, mtafuteni kijana anayemdharau mtu fulani: polisi, kondakta, Mhindi wa duka, mlinzi wa geti, mwanasiasa, jirani wa kabila jingine. Mpeni nafasi ya mtu huyo. Msimruhusu kumdhihaki. Mwambieni amcheze mpaka ajue mtu yule anapenda nini na anaogopa nini. Atawakasirikia. Vumilieni. Akishafika huko atakuwa mwigizaji, na nchi itakuwa imepata raia ambaye si rahisi kumchochea dhidi ya mwenzake. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya John Ruganda katika jiji hili, na ndiyo kazi inayotusubiri.